Randa Yenye Alama ya Bernardo

Eustace alishuka kwenye garimoshi la kutoka Usoke asubuhi, furushi kwapani, na wala hakupita kwa shemeji yake kunywa chai kama ilivyo ada ya mtu wa safari. Alikwenda moja kwa moja Cheyo, mtaa wa Tabora mjini, kwenye karakana ya Mzee Bernardo Mahona, akasimama mlangoni, akatoa shikamoo kavu, ile ya mtu aliyekuja kugombana.

"Marahaba," alijibu Bernardo. Alikuwa ameketi juu ya gogo anajichua bega la kulia, na hakuinuka.

"Mzee, mimi nakuheshimu. Kila seremala wa huku anakuheshimu. Lakini randa yako imeniaibisha."

"Randa yangu ipi?"

Eustace akafungua furushi. Ndani mlikuwa na randa nyeupe kama sufuria mpya, umbo lile lile la randa ya chuma ya Kiingereza, mpini ule ule wenye kiuno, kifundo kile kile cha mbele. Kwa mbali ungeapa ni yenyewe. Bernardo aliipokea kwa mkono wa kushoto, akashangaa ilivyo nyepesi, akaigeuza ubavuni. Hapo moyo ukampasuka. Ubavuni, karibu na kisigino, palikuwa na msalaba mdogo na nukta tatu chini yake.

Sasa lazima nikwambie alama ile ilikuwa nini, maana bila hivyo utaona mzee wa watu alikasirika bure. Bernardo alifundishwa useremala na mabruda wa misheni ya Kipalapala, na tangu siku aliyotoka mikononi mwao hakuna kiti, kabati wala mlango uliotoka kwake bila kugongwa alama ile mahali pa siri: chini ya kiti, nyuma ya droo, juu ya kizingiti. Watu wa Tabora walikuwa wakinunua kitanda wanainama kwanza kuitafuta, wakiiona wanatoa pesa. Vyombo vyake vya kazi navyo alivigonga vivyo hivyo, visije vikapotea kwenye majenzi. Na katika vyombo vyote hakuna alichokipenda kama randa yake ya chuma, aliyoipata kwa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Alitoa fahali wawili, na bado aliona amepewa bure.

"Nilikuwa natengeneza kabati la mwalimu," Eustace alisema. "Mbao nyeupe, safi, nimezisaka wiki mbili. Kila nilipopitisha randa hii ikaacha weusi, kama mtu aliyeshika sufuria halafu akashika shuka. Nikadhani ni jasho langu. Nikapaka vanishi juu yake, ndipo nikaharibu kabisa, weusi umeganda humo humo. Mwalimu kalikataa kabati mbele ya watu. Na jua likiwaka, mzee, inajikunja hii! Ukiiweka juu ya kioo inacheza."

"Nani kakuuzia?"

"Selemani wa Gongoni. Nilimwuliza, hii ni ya nani? Akanionyesha alama. Ningeuliza nini tena?"

Bernardo akaiweka randa chini. Alikuwa amechoka siku nyingi mzee huyu, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa umehamia mifupani, ukajijengea. Mwishowe akamwita mkewe, Imakulata, amletee mgeni uji, akamwambia Eustace anywe ashibe, na kwamba randa ile hakuitengeneza yeye Bernardo, wala hakuijua mpaka saa ile. Eustace alikunywa uji huku anamtazama pembeni. Hakuamini sana, na Bernardo aliliona hilo.

Selemani alikuwa mfua vyuma. Babu yake Mzaramo alipanda na misafara kutoka pwani zamani zile za biashara ya pembe za ndovu, akaugua ndui hapa Tabora, akapona, akaoa, pwani akaisahau. Kwa hiyo Selemani na Bernardo walikuwa watani, Mzaramo na Mnyamwezi, na utani wao ulikuwa na miaka arobaini. Hawakuwahi kuamkiana kama watu. Bernardo akipita Gongoni, Selemani anapaza sauti, "Mpagazi! Mzigo wangu umeutua wapi?" naye Bernardo anamjibu, "Uliza mnazi uliokuzaa!" Wateja wanacheka, siku inakwenda. Mama yake Bernardo alipofariki, Selemani alijilaza ndani ya kaburi lililochimbwa, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, na Bernardo mwenyewe ndiye aliyemkimbiza jogoo.

Na miezi minne nyuma, skrubu ya randa ya chuma ilipokatika, Bernardo aliipeleka kwa nani kama si kwake? Ilikaa siku nne. Ilirudi imepona, imesafishwa, imepakwa mafuta. Bernardo akashukuru kwa tusi, akaenda zake.

Bernardo alipofika Gongoni siku ile aliyokuja Eustace, jua lilikuwa la utosi. Nje ya kibanda cha Selemani palikuwa na rundo la mabaki ya magari, pistoni, masanduku ya gia, vitu vilivyookotwa Urambo baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kwenda kombo. Selemani alikuwa anayayeyusha madini yale meupe kwenye tanuri la mkaa na kuyamimina ndani ya kalibu ya mchanga. Kwenye ubao mbele yake zilipangwa randa sita, zote pacha, zote na msalaba na nukta tatu ubavuni. Wateja wanne watano walikuwa wanazipapasa.

"Mpagazi!" Selemani alianza.

"Usiniite mpagazi leo. Hii ni nini?"

Selemani akaangalia kidole cha Bernardo kilipoelekea. Hakuwa mtu wa kuruka maneno yake. "Ni alama yako. Nilipoibana randa yako kwenye mchanga, mchanga ulichukua kila kitu, pamoja na mikwaruzo. Mwanzo nilitaka kuifuta kwa tupa. Halafu mtu wa kwanza akaja, akaiona, akacheka kwa furaha, akanunua. Wa pili vilevile. Nikaona, aa, niifute kwa nini?"

"Kwa sababu ni jina langu!"

"Jina lako limekutoka? Si bado unalo?"

Watu wakacheka. Bernardo akaona damu inampanda kichwani. "Selemani, randa zako ni mbovu. Zinapinda. Zinachafua mbao. Mtu kaja kutoka Usoke kunitukana nyumbani kwangu."

"Zinachafua mbao nyeupe, ni kweli. Kwenye mninga huoni kitu. Na kisu chake umekijaribu? Ni springi ya lori, nimeichoma mwenyewe, kinakata kuliko cha kwenu." Selemani akajifuta jasho, na sauti ikamshuka. "Mpagazi, nisikilize. Hawa unaowaona hapa hawatamiliki randa ya chuma mpaka wafe. Wanalainisha mbao kwa tezo na vipande vya chupa. Mimi nawapa kitu cha bei ya kuku wawili, wanapata ugali. Aliyeibuni ile ya Kiingereza hanijui, wala simjui, wala sijamnyang'anya tonge. Wewe viti vyako ulivibuni? Si uliviiga kwa mabruda? Nilikuuliza kama umewaomba ruhusa?"

"Iga randa. Iga hata mia. Alama yangu uiache."

"Bila alama hawanunui. Hawanunui randa, wewe mtu, wanakununua wewe!"

Lo! Neno lile lilimkata maini. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye ubao ukanyakua randa moja. "Hii naichukua," akasema, akimaanisha ushahidi, kitu cha kuonyesha kwa wakubwa.

Na hapo ndipo alipokosea, maana mikono ya watani ina lugha yake na kila mtu Tabora anaijua. Mtani akichukua chako, huendi kushtaki. Unakwenda kwake mchana, mbele za watu, unachukua chake, na shauri limekwisha, limezikwa, atakayelifufua ni mtu asiye na adabu. Wateja wakapiga makofi. "Amelipa! Utani umelipwa!" Selemani mwenyewe alicheka kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya, chukua, mwizi mkubwa wewe! Sasa tuko sawa."

Bernardo alirudi Cheyo na randa kwapani huku meno yameumana. Kesho yake akavaa koti, akaenda kwa liwali, akashtaki.

Imakulata aliposikia aliacha kuchambua mchele. "Umemshtaki Selemani? Mtani wako? Baada ya kuchukua kitu chake mbele ya watu?"

"Sikuchukua kwa utani."

"Ulimwambia nani kwamba si kwa utani?"

"Mama Dionis, nimechoka. Niache."

"Umechoka, nami naona. Mtu aliyechoka hukaa nyumbani, haendi kwa liwali." Akarudi kwenye mchele wake, na kwa siku tatu akamhudumia chakula bila kumpigia soga hata moja.

Shauri likapangiwa wiki tatu mbele. Na katikati ya wiki hizo tatu ulikuwepo mlango wa kanisa.

Padri wa parokia alikuwa amemwagiza Bernardo mlango mpya wa mbele, mabawa mawili ya mninga, uwe tayari kabla ya Pentekoste, maana askofu angekuja kutoa kipaimara. Kazi hiyo kila seremala wa Tabora aliitamani, na Padri hakumwuliza mwingine. Mbao zilikuwa zimekaa karakanani miezi miwili. Watu walidhani mzee anazikausha. Ukweli ni kwamba hakuweza. Randa ya chuma ilikuwa nzito, na bega lake la kulia lilikuwa limekufa. Alikuwa akiisukuma mara tatu, mara nne, halafu maumivu yanashuka mpaka kwenye vidole na mkono unaachia wenyewe. Anakaa juu ya gogo. Anasubiri. Anasukuma tena mara mbili. Hakumwambia mtu, hata mkewe alimwambia ni baridi tu imemwingia. Angesema nini? Kwamba Bernardo Mahona hawezi kupiga randa? Wangemhurumia, wangempa pole nyingi tamu tamu, na kazi wangempa mwingine.

Siku moja asubuhi, baada ya kushindwa kabisa, jicho lake likaangukia ile randa nyeupe kwenye pembe. Akajiambia ataijaribu ili azijue kasoro zake vizuri, apate la kusema barazani. Jamani, mtu anavyoweza kujidanganya peke yake chumbani!

Akainoa, ingawa haikuhitaji sana. Akaiweka juu ya mninga, akasukuma. Ikaenda. Maranda yakatoka membamba, marefu, yakajiviringa yakamwangukia miguuni. Akasukuma tena akisubiri maumivu, na maumivu yakaja madogo, ya kuvumilika. Ilikuwa haina uzito wowote. Kile kisu cha springi ya lori kilikuwa kinakata kama kina hasira. Kasoro zilikuwepo zote, hakuna aliyezisingizia: mdomo wake ulikuwa mwembamba mno na maranda yalikwama, uso wa chini ulipinda jua lilipopanda, ikambidi afanye kazi alfajiri na jioni tu, na kila baada ya muda alikuwa anapitisha msasa kuondoa weusi. Lakini bawa la kwanza, lililomshinda miezi miwili, lililainika kwa siku tatu. Bernardo alikaa juu ya gogo akalia. Hakujua analia kwa furaha au kwa fedheha, na hakuwa na nguvu za kulitafuta jibu.

Alikuwa kwenye bawa la pili Selemani alipoingia. Hakubisha hodi, mtani habishi hodi. Alikuwa na chupa ya samli mkononi.

"Mkeo kaniambia bega linakusumbua," alianza, "samli hii imechanganywa na..." Halafu akaona.

Bernardo alisimama pale pale, randa nyeupe mkononi, mlango wa kanisa mbele yake, maranda yamemfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Viganja vyake vilikuwa vyeusi. Akasubiri kicheko. Alistahili kuchekwa, tena kicheko cha kusikika mpaka stesheni, na katika miaka arobaini Selemani hakuwahi kupata nafasi nzuri kama ile.

Selemani hakucheka. Alisogea, akapitisha kidole kwenye mbao, akainama kutazama mdomo wa randa.

"Punguza kisu kidogo," akasema. "Kinauma sana, ndiyo maana maranda yanakwama. Na mdomo nipe niupanue kwa tupa, kazi ya dakika moja."

"Uache tu."

"Haya." Akaiweka chupa juu ya meza ya kazi. "Jumatatu ijayo ndiyo baraza, eti?"

"Ndiyo."

"Basi tutaonana." Akatoka.

Bernardo alitaka kwenda kuifuta kesi. Nakwambia alitaka, koti alilivaa mara mbili. Lakini mlango ukatundikwa Ijumaa, na watu wakajaa. Padri aliupapasa, akaufungua na kuufunga, haukutoa sauti. Akawageukia waumini akasema kwa furaha kwamba hivi ndivyo kazi ya mikono ya kweli na chombo cha kweli inavyokuwa, si hivi vitu vya kuiga iga vinavyouzwa mjini. Watu wakaitika. Wakampa Bernardo mkono mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa Eustace, aliyekuja tena kutoka Usoke kwa ajili ya kutoa ushahidi. "Nisamehe, mzee, siku ile nilikutilia shaka," alimwambia. Angewaambia nini watu wale? Angesema anaifuta kesi kwa sababu gani? Alirudi nyumbani akalivua koti.

Jumatatu baraza lilijaa. Liwali alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nyeupe na kikohozi, na kando yake walikaa wazee wanne. Eustace alisimama akaeleza habari ya kabati. Mwingine kutoka Igunga akaonyesha meza yenye weusi. Selemani akaulizwa, akakiri yote bila kubabaika: ndiyo alisubu, ndiyo alama ilikuwemo, ndiyo aliiacha kwa makusudi.

Ndipo mzee mmoja wa baraza, aliyeitwa Abasi, akakohoa. "Mimi nina swali kwa Mahona. Hawa ni watani. Na tumesikia Mahona alikwenda Gongoni, akachukua randa moja mbele ya watu. Kama alichukua na akaitumia kama mali yake, basi amekula utani, na hapa hatuna kesi. Mahona, uliichukua?"

"Niliichukua."

"Ikawaje?"

Msahafu ulikuwepo pale mezani na Biblia ilikuwepo, na Bernardo alikuwa ameapa juu ya Biblia asubuhi ile. Alimtazama Selemani. Selemani alikuwa anatazama sakafu. Bernardo alijua kwamba neno moja tu la mtu yule lingemwokoa mwenyewe na kumzika yeye: nilimwona. Hata asingehitaji neno. Angesema tu mwonyesheni viganja vyake, maana weusi ule hautoki haraka, umeingia kwenye mistari ya mikono. Bernardo akakunja vidole.

Nyuma yake Padri alikuwa amekaa. Eustace alikuwa amekaa. Nusu ya parokia ilikuwa imekaa. Bega lilikuwa linamwuma, na alichotaka zaidi ya kitu chochote duniani ni kwenda nyumbani.

"Niliitupa," akasema. "Niliichukua iwe ushahidi, nikaona haifai hata kwa ushahidi, nikaitupa chooni."

"Hukuitumia?"

"Naitumiaje? Mlango wa kanisa mmeuona. Kazi ile unaifanya kwa kitu kile?"

Watu wakacheka, wakimwunga mkono. Liwali akatabasamu. Akamgeukia Selemani. "Wewe una la kusema juu ya hili?"

Selemani akainua macho, akamtazama kwa muda mfupi, wala hakumtazama kwa hasira. Ingekuwa hasira ingevumilika.

"Sina la kusema, Bwana Liwali," akajibu. "Kama mzee amesema ameitupa, ameitupa."

Hukumu haikuchukua muda. Selemani avunje kalibu. Randa zote, zilizobaki na zilizouzwa, ziletwe ziyeyushwe, na asisubu tena randa yoyote, yenye alama wala isiyo na alama, maana ameshaonyesha kwamba haaminiki. Eustace aliinuka akauliza kama mtu aliyeamka usingizini, "Sasa mimi nitatumia randa gani, Bwana Liwali? Ile mbovu ndiyo niliyokuwa nayo." Liwali akamwambia awe na subira, ajiwekee akiba anunue nzuri. Eustace akakaa. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na akiba yake ilikuwa kabati lile lililokataliwa.

Bernardo alikaa nyumbani siku tano. Ya sita akaondoka asubuhi bila kumuaga Imakulata, akaenda Gongoni. Njiani alikuwa anapanga maneno. Angemtukana kwanza, tusi kubwa kabisa, la kumgusa mpaka babu yake wa pwani, na Selemani angemrudishia kubwa zaidi. Angemwita mwongo, mla kiapo cha uongo, mtu wa chooni. Angemsema mjini kote, na Bernardo angekubali yote, angekaa chini amwambie samahani, na kama ni kwenda kwa liwali kusema ukweli wangekwenda pamoja wakitukanana njia nzima.

Kibanda kilikuwa kimefagiliwa. Tanuri lilikuwa baridi. Selemani alikuwa anaziba tundu kwenye birika la mtu.

"Wewe mtoto wa pweza!" Bernardo aliita kutoka njiani, na sauti ikamtoka juu mno. "Bado unaishi? Nilidhani umerudi pwani kuuza maganda ya nazi!"

Wateja wawili wakageuka huku wanatabasamu, wakingoja.

Selemani akaliweka birika chini. Akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, akavuta kigoda kimoja akakipangusa vumbi, akakiweka kivulini. Walikuwa marika wale, walizaliwa mwaka mmoja, kila mmoja kwao. Selemani akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Mzee Mahona," akasema. "Karibu kiti. Mama hajambo?"

Bernardo akasubiri. Akasubiri midomo ile icheze, hata pembeni tu, hata kidogo. Wateja wakaacha kutabasamu, wakatazamana. Selemani alikuwa amesimama kwa adabu, mikono mbele, kama unavyosimama mbele ya mkwe au mgeni mkubwa, anangoja kuitikiwa. Hapakuwa na kejeli usoni pake. Bernardo alitafuta kejeli ile kwa roho yake yote na hakuiona.

"Selemani," akasema polepole. "Nitukane."

"Mzee wangu, nikutukane kwa lipi?"

Kiti kilikuwa pale kivulini, na miguu ya Bernardo ilikuwa imechoka kwa ule mwendo wote kutoka Cheyo. Akakaa. Akaitikia marahaba.